Contagion Mbele ya Durkheim, Marx, Weber na Goffman: Mwongozo Kamili wa Kuchambua Filamu ya Janga Kisosholojia

Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilipewa swali la kuchambua filamu kwa nadharia tatu za sosholojia. Nikaandika kurasa saba. Nne zilieleza Durkheim, Marx na Weber walizaliwa wapi na waliandika nini, mbili zikasimulia filamu tangu mwanzo mpaka mwisho, na wa saba ukahitimisha kwamba nadharia zote tatu "zinajitokeza kwa kiasi kikubwa". Karatasi ilirudi na maneno matatu ya wino mwekundu: "Uchambuzi uko wapi?"

Tangu hapo nimesoma kazi za wanafunzi wengi, na ugonjwa ni ule ule. Nadharia iko chumba kimoja, filamu chumba kingine, wala hazijuliani hali. Mwongozo huu ni wa kuzikutanisha.

Nimechagua Contagion, filamu ya Marekani ya mwaka 2011 iliyoongozwa na Steven Soderbergh na kuandikwa na Scott Z. Burns. Haina shujaa mmoja. Inaruka kutoka Hong Kong hadi Minneapolis, Chicago, Atlanta, San Francisco na Macau, na kinachofuatiliwa hasa ni ugonjwa wenyewe unavyopita mikononi mwa watu wasiojuana. Tena iliandaliwa kwa ushauri wa wataalamu, akiwemo Ian Lipkin wa Chuo Kikuu cha Columbia, na kirusi chake cha kubuni, MEV-1, kilifinyangwa kwa mfano wa Nipah, kile kilichotoka kwa popo kikaingia kwa nguruwe na kisha kwa binadamu huko Malaysia mwaka 1998 na 1999, kikaua watu zaidi ya 100. Mwalimu akihoji kama jamii inaweza kweli kufika huko, una pa kusimama. Na aliyeuona mwaka 2020 hahitaji kushawishiwa.

Hatua ya 1: Itazame mara mbili, ya pili ukiwa na daftari

Mara ya kwanza tazama kama mtu yeyote. Usisimamishe, usiandike, ogopa unapotakiwa kuogopa.

Mara ya pili chora daftarini safu tatu: dakika, kinachoonekana, na "nani anapata, nani anakosa". Hiyo safu ya tatu ndiyo itakayokulisha baadaye, kwa hiyo usiiruke hata ukiona haina cha kujaza.

Filamu yenyewe inakupangia kazi. Inaandika siku kwenye kioo, na inapofika mji mpya inaandika jina lake na idadi ya wakazi wake. Inaanza gizani, unasikia kikohozi, kisha yanatokea maandishi: Siku ya 2. Siku ya 1 imefichwa mpaka mwisho kabisa. Andika hilo, utalihitaji.

Kwa asiyeijua hadithi, mifupa yake ni hii. Beth Emhoff, mfanyakazi wa kampuni iitwayo AIMM Alderson, anarudi kwake Minneapolis kutoka Hong Kong, akiwa amepitia Chicago kuonana na mwanamume aliyewahi kuwa mpenzi wake. Muda si mrefu amekufa, na mwanawe mdogo, Clark, anamfuata. Mumewe Mitch ana kinga. Anabaki akimlinda binti yake, Jory. Atlanta, Dk. Ellis Cheever wa CDC, yaani kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, anamtuma Dk. Erin Mears kwenda Minneapolis kufuatilia maambukizi, huku Dk. Ally Hextall akitafuta chanjo maabara. Shirika la Afya Duniani linamtuma Dk. Leonora Orantes Hong Kong. Na San Francisco kuna Alan Krumwiede, mwandishi wa mtandaoni anayewaambia watu kwamba dawa ni mmea uitwao forsythia na kwamba serikali inawaficha.

Sasa, jinsi ya kuandika kinachoonekana. Usiandike "Beth anasambaza ugonjwa uwanja wa ndege". Andika: Beth anachota karanga kwenye bakuli la baa, anampa mhudumu kadi ya benki, mhudumu anaishika kisha anabonyeza mashine kwa kidole hicho hicho. Kamera inakaa juu ya vitu muda mrefu kuliko kawaida. Sentensi ya kwanza ni muhtasari, na muhtasari hauchambuliki. Ya pili ina kitu cha kushika.

Hatua ya 2: Punguza matukio yabaki manne

Daftari litajaa. Chagua matukio manne, matano ukizidisha, na mengine uyaache bila huruma. Kigezo changu ni kwamba tukio zuri lina watu wawili ambao kila mmoja ana haki yake lakini hawawezi kupata wote. Kama kila mtu kwenye tukio anakubaliana, halitakupa chochote.

Ningependekeza uanze na haya. Kikao cha Mears na maofisa wa afya wa Minnesota, ambapo yeye anawaza maambukizi na wenzake wanawaza bajeti, wikendi kubwa ya manunuzi, na nani atakaa na watoto shule zikifungwa. Simu ya Cheever kwa mchumba wake. Fujo kwenye duka la dawa baada ya watu kuambiwa kwamba forsythia iliyopo ni ya watu hamsini tu. Utekaji wa Orantes, anayefichwa kijijini na Sun Feng, mtu aliyekuwa akifanya naye uchunguzi, ili kijiji chake Sun Feng kipewe chanjo. Na bahati nasibu ya chanjo, ambapo tarehe za kuzaliwa zinachomolewa moja moja mbele ya kamera za televisheni, kwa mtindo ule ule Marekani ilioutumia Desemba 1969 kuchagua vijana wa kwenda vitani Vietnam.

Hatua ya 3: Igeuze kila nadharia iwe swali

Hapa ndipo wengi wanapoanza kudesa fasili za vitabuni. Mwalimu anajua Durkheim ni nani. Anachotaka ni kukuona ukimtumia. Kwa hiyo kila nadharia ipunguze mpaka iwe swali moja unaloweza kuliuliza tukio.

Durkheim: ni nini kilikuwa kinawashikamanisha watu hawa, na kimekatikia wapi? Neno lake ni anomia, hali ambayo kanuni zilizozoeleka zimelegea na mtu hajui tena anachotakiwa kufanya wala mwenzake atafanya nini.

Marx na waliomfuata kwenye nadharia ya mgogoro: ni rasilimali gani imekuwa adimu hapa, iko mikononi mwa nani, na anayeikosa anafanya nini?

Weber: huyu anayetoa amri, kwa nini anatiiwa? Kwa sheria na cheo, kwa mila, au kwa haiba yake mwenyewe?

Goffman na mkondo wa maingiliano ya ishara, unaotazama watu wanavyojionesha na kusomana ana kwa ana: mtu huyu anacheza dhima gani mbele ya watu, na nyuma ya pazia anafanya nini?

Foucault: nani anatazamwa, kwa kifaa gani, na taarifa zake zinakwenda wapi?

Wapo wengine wa akiba. Talcott Parsons, mwaka 1951, alieleza dhima ya mgonjwa: anasamehewa majukumu yake ya kawaida, lakini anapaswa kutaka kupona na kukubali msaada wa wajuzi. Mtazame Mears akiamka hotelini amepata homa. Kabla ya kujihudumia anapiga simu mapokezi kuuliza majina ya waliosafisha chumba chake na waliomletea chakula. Anaifanyia kazi orodha ya watu ambao huenda amewaambukiza yeye mwenyewe. Ni mgonjwa aliyekataa kuvua koti la mpelelezi, na aya nzima inaweza kuandikwa hapo.

Usitumie zote. Tatu zinatosha kwa insha ya maneno elfu mbili.

Hatua ya 4: Pitisha tukio moja kwenye nadharia zote

Hii ndiyo hatua ninayowalazimisha wanafunzi waifanye hata kama swali halikuitaka, kwa sababu hapa ndipo mtu anapogundua nadharia zinatofautiana katika nini. Tuchukue simu ya Cheever, polepole.

Mambo yako hivi. Mears anaumwa Minneapolis, na Cheever anajaribu kumpatia ndege ya kumtoa. Haipatikani, imekwenda kumhudumia mbunge mgonjwa. Katika mazungumzo hayo hayo ya kiofisi anapata habari kwamba Chicago inakaribia kufungwa. Mchumba wake, Aubrey, yuko Chicago. Anampigia: funga mizigo, ingia kwenye gari, njoo Atlanta, usimwambie mtu. Anapomaliza, kumbe Roger, msafisha jengo, yupo na amesikia. Roger anamkumbusha kwamba na yeye ana watu wake. Kila mtu ana watu wake. Aubrey naye hashiki ulimi, anamdokeza rafiki, rafiki anaandika mtandaoni, na Krumwiede anamuumbua Cheever kwenye televisheni mubashara.

Anza na Goffman, ndiye anayefungua mlango. Mbele ya kamera Cheever ni sauti tulivu ya serikali: tuna mpango, msihangaike, kaeni majumbani. Simu ni nyuma ya pazia. Mpaka hapo kila mwanafunzi anafika. Lakini Goffman ana dhana nyingine ambayo watu huisahau, ya mtu aliyepo ambaye anahesabiwa kama hayupo: mtumishi wa ndani, dereva, mfagiaji. Wakubwa huzungumza mbele yake kama wanavyozungumza mbele ya kabati. Roger anaisikia siri ya taifa kwa sababu dhima yake kazini ni kutoonekana. Mapema kwenye filamu alishajaribu kuonekana, akamwomba Cheever ushauri kuhusu mwanawe, lile ombi dogo la mtu wa chini kwa mkubwa anayemwona kila siku. Nyumbani kwetu aliyewahi kuwa na dada wa kazi anajua habari hizi: ndiye anayejua nani anadaiwa, nani anaumwa na nani hajarudi usiku, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Sasa mlete Marx. Cheever hampi Aubrey pesa. Anampa saa chache za kutangulia, na katika janga saa chache ni mtaji. Aliyezipata atavuka daraja kabla halijafungwa. Tazama umiliki ulivyokaa: taarifa inazalishwa kwa kodi za watu wote, inahifadhiwa na ofisi, na inatumiwa kwanza na jamaa wa mwenye ofisi. Roger anafanya kazi ndani ya jengo hilo hilo linalozalisha mali hiyo, na gawio lake ni kusikia kwa bahati. Mwanafunzi akisema "hapa kuna tabaka la juu na la chini" hajasema kitu. Akisema rasilimali inayogombewa ni muda, hapo mwalimu anaweka kalamu chini na kusoma.

Weber atakuuliza jambo jingine kabisa. Urasimu wa kisasa, kwa maelezo yake, unasimama juu ya kutenganisha cheo na mtu. Ofisa anafuata kanuni bila chuki na bila upendeleo, na ndiyo maana tunamtii hata kama hatumpendi. Cheever amelichana zulia hilo kwa simu moja. Madhara yake si kwamba Aubrey amepona. Ni kwamba kesho yake Cheever akisema "kaeni majumbani", kila mtu anajiuliza kama na mchumba wake amekaa. Uhalali umevuja, na aliyekaa chini na ndoo kuukinga ni Krumwiede.

Na Durkheim? Yeye angeona mishikamano miwili inagongana ndani ya kifua cha mtu mmoja: wa damu na ndoa, na ule wa taifa kubwa la watu wasiojuana wanaotegemeana kwa mgawanyo wa kazi. Kwenye semina hapa ndipo darasa linapowaka. Nusu watasema Cheever ni msaliti. Nusu watasema, na hawa mara nyingi ndio wanaosema kwa sauti kubwa, kwamba mtu mwenye kiti serikalini akishindwa kumwokoa mkewe huyo kiti cha nini, damu ni nzito kuliko maji. Waache wagombane, kisha warudishe: kazi yako si kumhukumu Cheever. Kazi yako ni kueleza kwa nini jamii ya aina ile inaita jambo hilo usaliti, wakati jamii nyingine ingeliita wajibu.

Filamu yenyewe inalimalizia. Chanjo inapopatikana Cheever anapewa dozi mbili, yake na ya Aubrey. Yake anaipeleka nyumbani kwa Roger na kumpa mtoto yule yule aliyeombewa ushauri mwanzoni. Kisha anamweleza mtoto asili ya kupeana mikono: ilikuwa namna ya kumwonesha mgeni kwamba hukushika silaha. Ukitaka kuwa mkali, uliza: deni la Roger limelipwa na mfumo, au limelipwa na mtu mwema? Mimi naona ni la pili, na naona filamu imekwepa hapo. Unaweza kunipinga, mradi upinge kwa ushahidi wa tukio.

Hatua ya 5: Durkheim mpe mfululizo, usimpe tukio

Nadharia nyingine zinaridhika na tukio moja. Anomia haionekani kwenye tukio moja, inaonekana kwenye mteremko. Chora mstari daftarini na upange siku: nyumba ya mazishi inakataa kuupokea mwili wa Beth, wauguzi wanagoma, maduka yanavunjwa, taka zinalala barabarani, mifuko ya maiti inaisha. Kila hatua inaondoa kanuni moja ambayo hapo mwanzo hakuna aliyejua kama ni kanuni.

Kaa kwenye maziko. Kaburi la pamoja, mwili umefungwa kwenye plastiki, hakuna ndugu, hakuna jina linalotajwa. Msomaji wa Kiswahili ana njia fupi ya kuelewa uzito wake, kwa sababu kwetu maiti huoshwa, husindikizwa, na waliobaki huketi matanga pamoja. Durkheim alisema ibada kama hizo huwarudisha hai kwenye kundi. Zikikatazwa, hasara ni ya marehemu kwa kiasi kidogo na ya walioachwa kwa kiasi kikubwa. Usiandike tu "mila zilivunjika". Andika ni kazi gani mila hiyo ilikuwa inafanya, na nani sasa anaifanya.

Halafu rudi kwenye bakuli la karanga. Durkheim, mwaka 1893, aliona jamii za kisasa zinashikamana kwa sababu kila mtu anamhitaji mwenzake kwa kazi yake: mpishi, mhudumu, rubani, mwenye kampuni. Ukiufuata mnyororo wa MEV-1 utaona unapita kwenye vifundo hivyo hivyo. Kile kinachotuunganisha ndicho ambacho kirusi kinakitumia kusafiri. Hii ni hoja inayotosha kuwa hoja kuu ya insha nzima.

Hatua ya 6: Krumwiede, Weber na kikombe cha Babu

Krumwiede hana cheo, hana maabara, hana mila nyuma yake. Anatiiwa kwa haiba: yeye peke yake ndiye anayesema kweli, na ushahidi ni kwamba yeye aliugua, akanywa forsythia, akapona. Baadaye inabainika hakuwahi kuugua, na kwamba alizungumza na mtu wa masoko ya fedha kuhusu faida. Anakamatwa. Wafuasi wake wanamlipia dhamana.

Hilo la dhamana ndilo la kuchambua. Kwa Weber mamlaka ya haiba hayafi kwa sababu taarifa fulani imethibitika kuwa ya uongo; yanakufa wafuasi wakiacha kuamini. Ongezea kanuni ya W. I. Thomas na Dorothy Swaine Thomas ya mwaka 1928, kwamba watu wakilichukulia jambo kuwa la kweli, matokeo yake yanakuwa ya kweli. Forsythia haitibu. Lakini foleni ni ya kweli, vioo vya duka vimevunjika kweli, na watu waliosongamana pale wameambukizana kweli.

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki ana mfano wa kulinganisha, na kwa sadfa ni wa mwaka huo huo wa 2011: kikombe cha Babu kijijini Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu, dawa ya mti iliyotokana na ndoto, bei shilingi 500, na magari yaliyopanga foleni kutoka Tanzania, Kenya na kwingineko. Utumie kwa uangalifu. Usiandike kwamba wawili hao ni sawa. Mmoja ni mhusika wa kubuni aliyechorwa kama tapeli, mwingine alikuwa mtu halisi mwenye utumishi wa kanisa nyuma yake. Kinacholinganishwa ni chanzo cha utii. Babu alikuwa na haiba iliyochanganyika na mila na dini, na bei iliyofanana na sadaka kuliko biashara. Krumwiede ana haiba tupu na takwimu za watembeleaji. Ukiionesha tofauti hiyo kwa aya moja, umefanya kazi ambayo mwanafunzi wa Minneapolis asingeweza kuifanya.

Hatua ya 7: Tafuta pale filamu inapoibishia nadharia

Insha inayosema nadharia imekubali kila mahali haiaminiki. Mears anakufa kwenye hospitali ya muda, na kati ya mambo yake ya mwisho anajaribu kumsogezea koti lake mgonjwa wa kitanda cha jirani anayetetemeka kwa baridi. Mitch anamwandalia Jory dansi ya kuhitimu sebuleni, watu wawili na muziki. Kama ni anomia, ibada hizi ndogo zimetoka wapi?

Foucault naye ana tukio lake ambalo karibu kila mtu hulipita. Orantes anambaini mgonjwa wa kwanza kwa kutazama picha za kamera za kasino la Macau. Kamera zile zilifungwa kuwakamata wacheza kamari wezi. Sasa zinahesabu nani alimgusa nani. Mwisho wa filamu waliochanjwa wanavaa kamba mkononi yenye alama za kusomwa na mashine. Uliza: je, kutazamwa huku ni ukandamizaji? Bila kamera zile mgonjwa wa kwanza asingejulikana. Foucault aliandika mwaka 1975 kuhusu mji wa tauni ambamo kila mtu anakaguliwa dirishani kwake, na wengi wanamsoma kama mtu wa kulaani tu. Mlazimishe akae na Orantes chumba kimoja uone.

Hatua ya 8: Uliza nani hayupo

Safu ya tatu ya daftari inalipa hapa. Afrika inatajwa kwa kupita, Durban, pale kirusi kinapoonekana kimejigeuza kuwa kikali zaidi. Hakuna mtu wa Durban anayezungumza. Mpishi wa Macau aliyempa Beth mkono hana jina. Kijiji cha Sun Feng kinapewa chanjo bandia badala ya chanjo, na Orantes anapogundua hilo uwanja wa ndege anageuka na kuondoka mbio. Wanakijiji wenyewe hatuwaoni wakijua.

Kwa jinsia, anza na jambo dogo: mgonjwa wa kwanza, Beth, ndiye mwanamke aliyechepuka, na filamu inatuambia habari za uchepukaji kabla hatujamjua vizuri. Ni bahati mbaya ya hadithi au ni ile hukumu ya kale? Kisha tazama nani anafanya kazi ya mikono. Mears anagonga milango, Hextall anajidunga chanjo isiyojaribiwa, Orantes anatekwa. Wanaosimama mbele ya vipaza sauti ni wanaume.

Hatua ya 9: Andika aya, halafu ikague

Aya mbovu inakuwa hivi: "Nadharia ya mgogoro ya Karl Marx inasema jamii ina matabaka mawili. Katika filamu ya Contagion kuna wenye nacho na wasio nacho. Kwa mfano, matajiri walipata chanjo kwanza. Hii inaonesha mgogoro wa kitabaka." Mbali na ubapa wake, ina kosa: filamu haioneshi matajiri wakitangulia. Inaonesha wenye vyeo wakitangulia na umma ukipangwa kwa bahati nasibu, jambo linalomhitaji Weber kuliko Marx.

Aya inayosimama inaanza na kinachoonekana, inaweka dai, na nadharia inaingia kama sababu: "Cheever anamwambia Aubrey aondoke Chicago kabla mji haujafungwa. Anachompa ni muda, na filamu inaufanya muda kuwa rasilimali adimu kuliko chakula. Muda huo umetokana na taarifa za umma, lakini unagawiwa kwa njia ya ndoa. Roger, anayesafisha ofisi zinamotoka taarifa hizo, anaupata kwa kusikia tu; nadharia ya mgogoro inatusaidia kuona kwamba ukaribu wake na rasilimali haukumpa umiliki wake."

Hoja kuu iandike mwisho, ukishakuwa na aya tatu nne za namna hiyo. Iwe sentensi ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuikataa. "Contagion inaonesha umuhimu wa sosholojia" haikataliki, kwa hiyo haina kazi.

Kabla ya kukabidhi, fungua tena filamu, weka aya zako pembeni, na utazame kila tukio ulilolitaja. Neno kwa neno. Mimi niliporudia ile kazi yangu ya mwaka wa pili nilikuta nimeandika kwamba Mears alifia hotelini, na juu ya kosa hilo nilikuwa nimejenga ukurasa mzima wa upweke na anomia, wakati kwenye filamu alikuwa amelala katikati ya safu za vitanda alivyovipanga mwenyewe, koti mkononi.